Kutumia Vizuri Msaada wa Betri na Kupunguza Ulaji wa Mafuta katika Gari la Haibridi

Dereva anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake, mara nyingi huvutwa mno na alama ya betri. Hufurahi injini inapozimika, huudhika inapowaka, na hukanyaga mafuta kwa woga ili gari litambae kwa umeme hadi chaji iishe. Baada ya kujaza tangi mara kadhaa hugundua kwamba ulaji wa mafuta haukushuka kama alivyotarajia, na pengine umepanda, naye huanza kuilaumu betri. Lakini katika haibridi ya kawaida, isiyochomekwa kwenye umeme wa nje, umeme wote uliomo ndani ya betri umetokana na petroli: ama injini iliuzalisha moja kwa moja kwa kuzungusha jenereta, ama ulikusanywa wakati wa breki kutoka kwenye mwendo ambao injini hiyo hiyo ndiyo iliyolipatia gari.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza mafuta hana budi kuacha kuhesabu dakika alizokwenda kwa umeme na kuanza kutazama mahali nishati inapopotelea. Inapotea hasa katika sehemu mbili ambazo dereva ana uwezo nazo, yaani joto la breki na zile kazi ndogo ndogo ambazo injini ya petroli huzifanya vibaya, kama vile kutambaa kwenye foleni. Betri imewekwa kwa ajili ya sehemu hizo mbili, na ukiitumia nje ya hapo kwa kawaida unapata hasara.

Betri inabeba kiasi gani

Tuchukue mfano wa Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003. Betri yake ya nikeli-metali haidraidi ina seli 168 zilizounganishwa kwa mfululizo, zikitoa volti 201.6, na ujazo wake wote ni takriban kilowati-saa 1.3. Kompyuta ya gari hairuhusu ujazo huo utumike wote. Ili seli zidumu kwa miaka mingi, chaji huwekwa kati ya takriban asilimia 40 na 80, na muda mwingi kompyuta hulenga kuiweka karibu na asilimia 60. Sehemu inayotumika kweli, kwa hiyo, ni kama nusu ya kilowati-saa tu.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9, na injini nzuri ikifanya kazi katika hali inayoipenda hugeuza kidogo zaidi ya theluthi yake kuwa mwendo, yaani kama kilowati-saa 3. Ukigawanya, utaona kwamba betri yote, kutoka kiwango cha juu kinachoruhusiwa hadi cha chini, ina thamani ya takriban sehemu moja ya sita ya lita. Hesabu hii inastahili kukumbukwa kila mara unaposhawishika kuihangaikia alama ya betri. Betri ya haibridi ni kama mtungi uliowekwa chini ya mchirizi wa paa: faida yake haitokani na wingi wa maji yaliyomo, bali na kuwa na nafasi kila mvua inaponyesha. Kuifikisha juu kabisa na kuiacha hapo kunakunyima nafasi ya kupokea umeme wa breki inayofuata, na kuikausha kunailazimisha injini ichome petroli ili kuijaza tena.

Kujaza huko kuna gharama. Nguvu ya injini hupita kwenye jenereta, ikaingia kwenye inveta (kifaa cha kubadilisha umeme kati ya betri na mota), ikahifadhiwa kwa njia ya kemia ndani ya seli, kisha ikarudi kwa njia ile ile hadi kwenye mota, na katika kila hatua sehemu yake hugeuka joto. Si ajabu robo ya nishati au zaidi ikapotea katika mzunguko huo mmoja. Nishati iliyotoka kwenye injini ikaenda moja kwa moja kwenye magurudumu haipati hasara hiyo.

Mahali injini inapofanya kazi vizuri

Injini ya petroli haili mafuta kwa uwiano ule ule nyakati zote. Ikibeba mzigo wa wastani katika mizunguko ya chini au ya kati, hutoa kazi nyingi kwa kila lita. Ikizunguka bure au ikisukuma gari polepole sana, sehemu kubwa ya mafuta huishia kushinda msuguano wake yenyewe na kuvuta hewa kupitia mlango wa hewa wa injini uliofunguliwa kidogo tu. Toyota ilitangaza kwamba injini ya lita 1.8 ya Prius ya kizazi cha nne, ya mwaka 2015, ilifikia ufanisi wa asilimia 40, lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, na kwenye mwendo wa kutambaa injini yoyote huwa mbali nacho.

Kutokana na hilo mgawanyo wa kazi unajieleza wenyewe. Umeme ufanye kazi za kusimama kwenye taa, kusogea kwenye foleni, kurudi nyuma katika maegesho na kudumisha mwendo mdogo kwenye barabara tambarare. Injini ipewe kazi ya kuongeza kasi, kupanda mlima na kwenda mwendo mkubwa. Kompyuta ya gari tayari inajua haya, na inajua vizuri kuliko sisi joto la betri, joto la injini na kiwango halisi cha chaji. Kazi ya dereva ni kuipa kompyuta hiyo maombi yenye busara kupitia mguu wake.

Mguu kwenye kanyagio la mafuta

Mashauri mengi kuhusu magari ya kawaida husema uondoke taratibu kadiri uwezavyo. Kwenye haibridi ushauri huo ukifuatwa kupita kiasi una madhara. Ukiongeza kasi kwa ulegevu mno, gari litatumia umeme peke yake kwa muda mrefu katika kazi ambayo injini ingeifanya vizuri, betri itashuka, na baadaye injini italazimika kuwaka na kuchaji hata wakati umesimama. Ni afadhali kuondoka kwa umeme kwa mita chache za mwanzo, kisha kukanyaga kwa kiasi cha kuiwasha injini na kuifanya ifanye kazi ya maana hadi ufikie kasi unayoitaka. Kwenye magari mengi kipimo cha dashibodi kina sehemu zilizoandikwa CHG (kuchaji), ECO (matumizi nafuu) na PWR (nguvu nyingi). Wakati wa kuongeza kasi, mshale ukae katika nusu ya juu ya ECO bila kuingia PWR. Ukiingia PWR injini hupanda mizunguko mikubwa na betri hutoa kwa wingi kwa pamoja, na vyote viwili vitalipwa baadaye.

Ukishafika kasi uliyoikusudia, ondoa mguu kabisa kwa sekunde moja. Kwenye mwendo wa mjini injini itazimika. Sasa rudisha mguu kwa wepesi sana, mpaka kipimo kikae kwenye mpaka kati ya kuchaji na kutumia, ambapo gari halipokei umeme wala halitoi. Kwenye magari yenye skrini ya mtiririko wa nishati utaona mishale yote imetoweka. Hali hiyo ya kuserereka ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote katika uendeshaji wa haibridi, kwa sababu nishati inabaki katika umbo la mwendo na haipiti kwenye inveta wala kwenye seli. Gari likipungua kasi kidogo, kanyaga tena kwa uthabiti, iruhusu injini ifanye kazi yake vizuri, kisha userereke tena. Tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini haina haja ya kuwa kubwa. Kwenye barabara yenye magari mengine iwe ndogo kiasi kwamba aliye nyuma yako haioni, na ndani ya mipaka ya sheria.

Kwa nini kuserereka kunashinda kuchaji kwa breki? Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likienda kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban wati-saa 58. Ukiigeuza nishati hiyo kuwa umeme na kisha mwendo tena, hata kama mfumo ungekurudishia theluthi mbili, ungebaki na wati-saa zisizofika 40. Ukiserereka hadi kasi ipungue yenyewe, umetumia zote kwa kusonga mbele. Kwa hiyo umeme wa breki ni wa kuokoa kile ambacho hakikuwa na njia nyingine, na kuutafuta kwa makusudi ni kujipotezea.

Jambo moja la kukataa kabisa ni kuweka gia ya N (gia huru) ili gari liserereke. Kwenye haibridi nyingi betri haichajiwi ikiwa gia iko N, kompyuta hupoteza uhuru wa kuwasha na kuzima injini, na dereva hukosa msaada wa mota pale anapoihitaji ghafla. Kuserereka kufanyike kwenye D, gia ya kuendea mbele, kwa mguu.

Breki na kuangalia mbali

Sehemu ya mwanzo ya kanyagio la breki katika haibridi nyingi huigeuza mota kuwa jenereta, na breki za msuguano huingia pale tu ombi la dereva linapozidi uwezo wa mfumo wa umeme. Uwezo huo una kikomo kinachopimika. Betri ya Prius ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2009, ilitajwa kuwa na nguvu ya kilowati 27, nasi tuchukulie kwamba uwezo wake wa kupokea uko karibu na hapo. Lile gari letu la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 60 kwa saa ndani ya sekunde 4, nishati yake inatoka kwa wastani wa kilowati 52, na mwanzoni zaidi ya hapo. Nusu au zaidi itakuwa joto kwenye diski. Likisimamishwa kwa sekunde 12, wastani ni kama kilowati 17, na karibu yote inaweza kupokelewa. Tofauti hiyo kubwa inatokana na macho ya dereva tu, kwa maana aliyeona taa nyekundu mapema ana sekunde 12, na aliyeichelewa ana 4.

Kwa hiyo angalia gari la tatu au la nne mbele yako, acha nafasi pana, ondoa mguu mapema, na ukianza kukanyaga breki ukanyage kwa wepesi na kwa muda mrefu. Kasi ikishuka chini ya kilomita kama 10 kwa saa, kabla ya kusimama, breki za msuguano huchukua kazi, hivyo hakuna faida ya kuvutavuta hapo. Na panapokuwa na hatari, kanyaga breki kwa nguvu zote bila kufikiria umeme hata kidogo. Hakuna kiasi cha petroli kinachostahili kulinganishwa na mwili wa mtu.

Milima na miteremko

Kupandisha gari la kilo 1,500 mita 100 kwenda juu kunahitaji takriban wati-saa 410, mbali na msuguano na upepo. Ukilinganisha na ile nusu kilowati-saa ya betri, utaelewa kwa nini kilima kimoja kirefu kinaweza kuimaliza chaji inayoruhusiwa, na kwa nini mteremko wa mita 150 hivi unaweza kuijaza mpaka ikatae kupokea zaidi. Usijaribu kupanda kwa umeme. Iache injini ibebe mlima katika mizunguko ya wastani, ukubali kasi kushuka kidogo, na upunguze mguu kabla ya kufika kileleni, kwa kuwa mteremko utakurudishia kasi hiyo bila gharama.

Ukianza mteremko mrefu huku betri ikiwa katikati au chini kidogo, una nafasi ya kupokea. Betri ikijaa, magari mengi ya aina ya Toyota huanza kuizungusha injini bila mafuta ili kuupoteza umeme wa ziada, na dereva husikia mngurumo ukipanda ingawa hajakanyaga kitu. Mngurumo huo si hitilafu. Gia ya B iliwekwa kwa ajili ya miteremko kama hiyo: inaifanya injini ishikilie gari ili breki zisipate joto la kupindukia. Wapo wanaoiweka B siku nzima wakiamini kwamba inachaji zaidi, ilhali mambo ni kinyume chake. Sehemu ya nishati ambayo ingeingia kwenye betri hupotea kwa kuizungusha injini, na kwenye barabara tambarare gia hiyo inaongeza ulaji wa mafuta.

Magari ambayo mota husaidia tu

Maelezo niliyotoa yanafaa hasa kwa magari ambayo mota inaweza kulisogeza gari huku injini ikiwa imesimama. Wenye magari ya Honda ya mfumo wa awali, ulioanza na Insight ya mwaka 1999, wana hali tofauti. Humo mota nyembamba ya takriban kilowati 10 imekaa kati ya injini na giaboksi, imefungwa kwenye mhimili wa injini yenyewe, na betri yake ni ya volti 144. Mota hiyo husaidia. Kazi kubwa ni ya injini. Kipimo chake huonyesha upande mmoja msaada na upande mwingine kuchaji, na ujuzi wa dereva ni kuugawa msaada huo.

Utumie pale unapopanda au unapotoka kwenye mwendo mdogo, na uuepuke kwenye barabara tambarare kwa kukanyaga mpaka karibu na pale mistari ya msaada inapoanza kuonekana. Ukiuita kila unapoondoka, betri itashuka, kompyuta itaanza kuchaji kimyakimya wakati unasafiri, nawe utahisi gari limekuwa zito. Kwa wenye gia za mkono, tumia gia ya juu kadiri injini inavyobeba bila kutetemeka. Unapopunguza kasi, usikanyage klachi mapema: mota imeungana na injini, na klachi ikikatwa magurudumu hayawezi tena kuizungusha, hivyo kuchaji kunakoma hapo hapo. Bakia kwenye gia, shusha gia kwa mpangilio, na ukate klachi mwishoni.

Katika magari hayo unaweza kuona kipimo cha chaji kikiporomoka ghafla kutoka katikati hadi chini, kisha gari likachaji kwa nguvu kwa dakika kadhaa. Kompyuta huwa imegundua kwamba makadirio yake yalikuwa ya juu kuliko hali halisi na inajisahihisha. Jambo hilo likitokea mara moja baada ya gari kukaa muda mrefu si la kutisha. Likirudiarudia, seli zimepoteza usawa na zinahitaji kupimwa.

Yapo pia magari kama Nissan Note e-Power, yaliyoanza mwaka 2016, ambayo injini haigusi magurudumu kabisa na kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Humo kuserereka na kuwahi kuondoa mguu vina thamani ile ile, lakini hakuna sababu ya kuwaza injini iwake lini.

Injini baridi, joto la ndani ya gari na kiyoyozi

Dakika za mwanzo za safari ndizo ghali kuliko zote. Injini baridi lazima iwake ili kuupasha moto mfumo wa kusafisha moshi na kuyafikisha maji ya rejeta kwenye joto la kazi, hata kama betri ina chaji ya kutosha, na hakuna namna ya mguu itakayoizuia. Usilipashe gari moto likiwa limesimama. Ondoka mara moja na uende kwa utulivu, ili angalau mafuta yanayochomwa yakusogeze. Shughuli za karibu karibu ziunganishwe katika safari moja, ukianza na ile ya mbali ili injini ipate moto mapema. Safari fupi tatu zenye mapumziko ya saa kadhaa katikati zinailazimisha injini kuanza baridi mara tatu.

Wakati wa baridi, hita ya ndani hutegemea joto la maji ya injini. Ukiiweka juu sana, injini itawaka kwenye kila taa ya barabarani kwa ajili ya kuwapasha joto abiria. Punguza nyuzi chache, na kama viti vina vipasha joto, vitumie hivyo kwanza. Kiyoyozi nacho kinakula, ila kwenye haibridi nyingi za kuanzia Prius ya 2003 kompresa yake huendeshwa kwa umeme, hivyo inaweza kufanya kazi huku injini imezimika. Sishauri kukizima wakati wa joto kali, na sababu iko kwenye betri, kama nitakavyoeleza.

Kitufe cha EV

Kitufe hiki, kinacholiamuru gari liende kwa umeme peke yake, hufaa kusogeza gari mita chache kutoka kwenye gereji au maegesho bila kuiwasha injini baridi kwa kazi ya nusu dakika. Zaidi ya hapo, kwenye haibridi isiyochomekwa, kila dakika unayoilazimisha betri ifanye kazi ambayo kompyuta ilitaka injini ifanye utailipia kwa kuchaji baadaye, pamoja na ile hasara ya mzunguko. Kwenye gari la kuchomeka, lenye betri kubwa iliyojazwa kutoka kwenye soketi, mambo hubadilika: tumia umeme kwenye sehemu za mjini na polepole, uihifadhi chaji wakati wa barabara kuu, na upange ufike mahali pa kuchaji ukiwa umeimaliza.

Barabara kuu

Hapa faida ya haibridi hupungua, kwa kuwa hakuna breki nyingi za kuokoa. Kinachotawala ni upepo. Nguvu ya ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa inaongezeka kwa asilimia 44, na hakuna ujanja wa betri unaoweza kufuta hilo. Kushusha kasi kidogo ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kifaa cha kushikilia kasi ni kizuri kwenye tambarare. Kwenye vilima kizime, maana hukanyaga kwa nguvu kupanda na hakijui kwamba kuna mteremko mbele.

Kuitunza betri na gari lenyewe

Adui mkubwa wa betri ya haibridi ni joto. Katika magari mengi feni ya betri huvuta hewa kutoka sehemu ya abiria kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, kwa hiyo hewa unayoipumua ndiyo inayoipoza betri. Ndiyo maana kukizima kiyoyozi katika joto kali ili kuokoa mafuta kidogo ni uchumi mbaya: betri ikipata joto, kompyuta huipunguzia kazi, injini hubeba zaidi, na seli huchakaa. Usiweke begi wala nguo mbele ya tundu hilo. Kama lina kichujio, kisafishwe mara kwa mara, hasa kwenye vumbi au panaposafirishwa wanyama wenye manyoya. Nimeona watu wakiambiwa wanunue betri nzima wakati kilichohitajika kwanza kilikuwa kuifungua feni na kuondoa tabaka la vumbi, na jambo hilo linanisikitisha kwa sababu ukaguzi wake ni mdogo sana.

Usiliendeshe gari hadi petroli iishe ukitegemea umeme ukufikishe. Betri itashushwa chini ya kiwango salama, na magari mengine baada ya hapo hayawaki bila msaada wa fundi. Gari likikaa muda mrefu bila kutumika, liwashwe mara kwa mara hadi taa ya READY (tayari) iwake na liachwe kwa nusu saa hivi mahali pa wazi, kwani betri kubwa na ile ndogo ya volti 12 zote hupoteza chaji zenyewe. Hiyo ndogo, katika haibridi nyingi, haizungushi injini kama kwenye gari la kawaida, lakini ndiyo inayoamsha kompyuta zote, na ikidhoofika dashibodi inaweza kujaa taa za hatari ambazo hazihusiani na kitu kingine chochote. Ipimwe hiyo kwanza.

Matairi yajazwe upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, yakiwa baridi, na yakaguliwe kila mwezi. Oili iwe ya unene uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa haibridi nyingi ni 0W-20 au mwepesi zaidi. Fremu ya juu ya paa isiyobeba kitu iondolewe.

Kupima, na kujua betri inapochoka

Kompyuta ya dashibodi mara nyingi huonyesha matokeo mazuri kuliko ukweli. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha, jaza tena kwenye pampu ile ile, kisha ugawanye lita kwa kilomita na kuzidisha kwa 100. Ninapendelea lita kwa kilomita 100 kwa sababu kipimo cha kilomita kwa lita hudanganya jicho: kutoka kilomita 10 hadi 12.5 kwa lita kunaokoa lita 2 kila kilomita 100, ilhali kutoka 20 hadi 25, kunakoonekana kuwa kukubwa zaidi, kunaokoa lita 1 tu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na usitoe hukumu kwa tangi moja, kwani njia, msongamano na hali ya hewa huyumbisha matokeo kuliko mbinu nyingi.

Daftari hilo ndilo litakalokuonya mapema kuhusu betri. Ulaji ukipanda na kubaki juu kwa matangi kadhaa, kagua kwanza upepo wa matairi, breki inayoshika gurudumu, na kichujio cha feni. Kama vyote ni sawa na bado unaona kipimo cha chaji kikipanda na kushuka upesi kuliko zamani, feni ikinguruma mara kwa mara na injini ikiwaka muda mfupi tu baada ya kuzimika, peleka gari kwa fundi aliyefunzwa haibridi, naye asome kwa kompyuta volti ya kila kundi la seli wakati gari linatoa nguvu na wakati linachaji. Kundi moja lililo dhaifu huonekana wazi kwa kushuka mbali na mengine. Usifungue mwenyewe kifuniko cha betri wala kugusa nyaya za rangi ya machungwa: volti zilizomo zinaua, hata kama gari limezimwa.